Baada ya hamsini, omba kazi, usiombe kiti

Mtu akishavuka hamsini huambiwa na kila anayemtakia mema: "Jichanganye na watu." Basi anajikokota hadi kwenye mkutano wa mtaa au wa kikundi, anakaa nyuma, anasikiliza saa mbili nzima, anapiga makofi wenzake wakipiga, anarudi nyumbani. Mkutano wa pili vivyo hivyo. Wa nne anasingizia mafua. Si uvivu huo. Ameshaona kwamba asipokwenda hakuna atakayemuulizia, na ni vigumu mtu kudumu mahali pa namna hiyo.

Ndiyo maana ushauri wangu ni mwembamba zaidi: tafuta kazi moja, ndogo, inayojirudia, ambayo usipofika itaonekana wazi haijafanyika. Kufungua ukumbi. Kuandika kumbukumbu za kikao. Kuhesabu michango. Kuwapigia simu wanachama wasioonekana. Cheo kikija baadaye, na kije. Ila wanaoanza kwa kukitafuta hupata kiti, kipaza sauti na husuda za wenzao, huku kazi ikibaki kwa katibu yuleyule aliyekuwa akiifanya tangu zamani.

Kiasi gani kinatosha? Kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020, ukihusisha karibu watu 13,000 wenye zaidi ya miaka 50, uliwalinganisha waliojitolea saa 100 au zaidi kwa mwaka na wale wasiojitolea kabisa. Saa 100 kwa mwaka ni kama saa mbili kwa wiki. Waliojitolea walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kufa katika kipindi kilichofuata, hawakupata sana shida ya kutembea na kutumia viungo, na upweke wao ulikuwa mdogo. Lakini kwa kisukari, shinikizo la damu na magonjwa mengine mengi ya kudumu, tofauti haikuonekana. Kwa hiyo anayekuambia kujitolea kunatibu sukari anakuuzia maneno. Tena mwenye afya ndiye mwenye nguvu za kujitolea. Watafiti hujitahidi kuliondoa hilo kwenye hesabu zao, lakini haliondoki lote.

Hesabu nyingine ya kuweka kichwani ni ya urafiki. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja hadi mtu mliyejuana tu awe rafiki wa kawaida, saa 90 hivi awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe wa kufa na kuzikana. Kwa saa mbili za wiki, hizo 50 za mwanzo ni kama nusu mwaka. Anayeacha wiki ya tano akinung'unika kwamba "wale watu wamejifungia" amehukumu mapema mno.

Kuchagua, na namna ya kuomba

Anza ungali kazini ukiweza. Anayesubiri mpaka astaafu hujikuta anapoteza vitu vitatu kwa mpigo: ratiba, wenzake wa kila siku na sababu ya kuamka mapema, halafu ndipo anatakiwa ajifunze majina ya watu thelathini wapya. Aliyeanza akiwa na miaka 50 au 52, kwa saa mbili tu za wiki, akistaafu huongeza saa mahali anapojulikana tayari.

Chukua karatasi, chora siku saba, jaza mambo yote yasiyohamishika: kazi, ibada, kliniki, kumhudumia mzazi au mjukuu. Kisha tafuta nafasi ya saa mbili ambayo imekuwa wazi wiki nne mfululizo. Isipopatikana, usijidanganye kwamba utaiunda. Chagua kazi ya kufanyia nyumbani, na zipo, nitazifikia. Angalia pia saa ambazo mwili wako uko vizuri. Macho mengi baada ya hamsini husumbuliwa na mwanga wa magari usiku, kwa hiyo kikundi kinachokutana saa mbili usiku kinaweza kuwa kizuri kwa kila kitu isipokuwa safari ya kurudi.

Kabla ya kuomba kazi, hudhuria mara tatu ukiwa umetulia. Usimtazame mwenyekiti sana; mtazame anayebeba funguo, anayepanga viti, anayejua namba ya simu ya kila mtu. Huyo ndiye wa kumwendea. Tazama kama mahesabu husomwa mbele za watu au husemwa tu kwamba "yako vizuri." Tazama kama mgeni akiuliza swali hujibiwa au hukodolewa macho. Kikundi ambacho funguo, muhuri, simu ya kikundi na daftari la fedha vyote viko kwa mtu mmoja, kiogope hata kama mtu huyo ni malaika. Na popote utakapoombwa kumdhamini mtu mkopo kabla hujamaliza miezi sita, aga kwa heshima.

Sasa namna ya kuomba. Sentensi inayopotea hewani kuliko zote ni "mimi niko tayari kusaidia chochote." Kiongozi aliyeelemewa hana muda wa kukutungia kazi, atakushukuru, atakusahau. Mwambie hivi: "Nina nafasi Jumamosi, saa tatu hadi saa tano asubuhi. Naandika vizuri na naweza kupanga stoo. Kipi kati ya hivi kinawaelemea? Nijaribu miezi mitatu, halafu tuzungumze." Umempa siku, saa, ujuzi na mwisho wa majaribio. Mkishindwana, miezi mitatu ikifika kila mtu anatoka bila kuvunjiana heshima.

Mwili unaokaa kikaoni

Hapa ndipo wengi wanapopotea kimyakimya, na viongozi hawajui kwa nini. Sikio ndilo kinara. Usikivu unaopungua kwa umri huanza na sauti nyembamba, na humo ndimo zilimo konsonanti kama s, f, t na sh. Irabu hubaki. Matokeo yake mtu anasikia vizuri kabisa kwamba fulani anasema, ila haelewi anasema nini: taa, saa, kaa na paa zote zinamfikia kama "aa." Wakati wa mazungumzo ya wawili hujazia kwa kusoma midomo na kukisia. Penye watu ishirini, feni inavuma na wawili wanadakizana, anachoka ndani ya nusu saa. Anaanza kucheka wenzake wakicheka. Baadaye haji. Ripoti ya tume ya jarida la tiba la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayoweza kurekebishwa ambayo kwa pamoja yanahusishwa na takriban asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kusahau uzeeni. Kupungua kwa usikivu kumo, upweke umo, kutoona vizuri bila matibabu kumo. Vitatu hivyo huvutana mkono kuelekea mlangoni.

Cha kwanza, pima. Mara nyingine ni nta tu imejaa, na inatolewa na mhudumu wa afya kwa dakika chache. Vijiti vya pamba huisukuma ndani zaidi. Cha pili, chagua kiti kama anayechagua nyumba: mgongo ukutani ili kelele zisikuzunguke, dirisha nyuma yako ili mwanga uangukie nyuso za wasemaji, sikio lililo zima lielekee meza kuu, na usiwe mbali zaidi ya mita mbili na anayesema sana. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi maradufu sauti hushuka kwa desibeli 6, kwa hiyo kusogea kutoka mita nne hadi mbili kunakupa faida kubwa bila gharama yoyote. Cha tatu, ukipewa kifaa cha kusaidia kusikia, usikivalie mkutanoni siku ya kwanza. Ubongo unahitaji wiki kadhaa kuzizoea upya sauti ulizokuwa umezisahau. Anza nyumbani penye utulivu, saa chache kila siku. Kisha mazungumzo na mtu mmoja. Kisha watu wanne. Mkutano uje mwisho. Wanaoanza na mkutano ndio ambao vifaa vyao vimelala kwenye droo.

Mwenyekiti naye ana sehemu yake: mmoja asemaye kwa wakati mmoja, na kila swali kutoka nyuma lirudiwe kwa sauti kabla ya kujibiwa. Hiyo ya pili haigharimu kitu na karibu hakuna anayeifanya.

Macho: mboni ya mzee hufunguka kidogo na lenzi yake huwa na umanjano, hivyo mwanga unaofika ndani hupungua sana. Ajenda ichapwe kwa herufi za ukubwa wa 14 au zaidi, nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa. Ajenda ya herufi 10 juu ya karatasi ya bluu ni mapambo.

Choo. Watu hawakisemi, basi nakisema mimi. Mwenye kibofu kinachomhimiza kila saa, au anayetumia dawa za kuongeza mkojo kwa ajili ya shinikizo, hawezi kukaa kikao cha saa mbili bila mapumziko, na aibu humfanya aache kuja badala ya kuomba ruhusa. Wapo wanaoruka kidonge siku ya mkutano, jambo la hatari. Saa ya kumeza dawa hubadilishwa kwa kuzungumza na daktari, haibadilishwi kienyeji. Weka mapumziko ya dakika kumi kila baada ya dakika 45 hadi 60, yaandikwe kwenye ajenda, na aliye mlangoni aonyeshe choo kilipo kabla hajaulizwa. Mapumziko hayohayo ndiyo yatakayomwokoa mwanamke aliye katika kukoma hedhi, ambaye joto humpanda ghafla. Naye akae karibu na dirisha.

Miguu nayo. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linashauri dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na kwa waliofika 65, mazoezi ya mizani ya mwili (kusimama bila kuyumba) na nguvu siku tatu au zaidi. Zoezi moja linalofaa kuliko yote kwa mtu wa vikao ni kuinuka kitini: kiti imara kinachogusa ukuta, mikono imekunjwa kifuani, inuka na keti mara kumi, pumzika, rudia mara mbili. Ukishindwa bila kushika, anza na kiti kirefu zaidi au weka mto. Kwa mizani, simama karibu na ukuta, kisigino cha mguu mmoja kiguse vidole vya mwingine, hesabu hadi 30, badili. Mwenye kizunguzungu au aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga aulize kwanza. Na siku ya shughuli, usiwe wa kubeba meza ili uonekane bado kijana. Simamia orodha ya wabebaji.

Fedha za watu

Mtu mwenye umri na sifa njema huombwa ashike fedha. Ni heshima, na ni mtego usipokuwa na taratibu. Taratibu zenyewe si za kuwakamata wezi. Zinamlinda mwaminifu siku hesabu itakapokosa kulingana, na siku hiyo lazima ifike.

Michango ihesabiwe na watu wawili wasio ndugu, mezani, mbele za watu. Kila mmoja apange noti kwa thamani, ahesabu peke yake, aandike jumla kwenye kikaratasi chake bila kumwonyesha mwenzake. Ndipo wafunue. Zikilingana, jumla huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe, shughuli, saini mbili. Zisipolingana, wanahesabu upya, hakuna "tuweke katikati." Fedha yote iende benki siku ya kazi inayofuata kama ilivyo, bila kuchomoa ya nauli wala ya maji, matumizi yatoke kwa njia yake yenye risiti. Ukilipia kitu kwa fedha ya mchango kabla haijaingia benki, umekata uzi ambao mkaguzi angeufuata.

Vitabu vya risiti viwe na namba zinazofuatana, na risiti iliyoharibika ibaki kitabuni ikiwa imepigwa mstari. Kila mwisho wa mwezi: salio la kuanzia, ongeza mapato, toa matumizi, upate salio la kumalizia, linganisha na taarifa ya benki na fedha iliyomo sandukuni. Tofauti ikijitokeza, kabla ya kumtazama mtu usoni, igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, huenda mtu amepindua tarakimu, kaandika 450 badala ya 540. Kisha chukua nusu ya tofauti na uitafute daftarini. Ukiipata, huenda malipo yameandikwa upande wa mapato au kinyume chake. Tuhuma nyingi zilizovunja vikundi zingeishia hapo.

Vikundi vya kuweka na kukopa vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991 hujulikana kwa sanduku la kufuli tatu: funguo ziko kwa wanachama watatu, sanduku liko kwa mwingine. Sanduku haliwezi kufunguliwa pasipo kikao. Ni utaratibu wa kuigwa hata na kikundi kinachotumia benki: mwenye daftari asiwe mwenye saini pekee, na mwenye saini asiwe mwenye kadi. Ukiombwa uwe mhazini mahali ambapo wanasema "sisi tunaaminiana," sema unakubali kwa sharti la mtu wa pili wa kuhesabu naye. Wakikasirika, umejua ulichotaka kujua.

Kazi ya kufanyia nyumbani: mzunguko wa simu

Hii naipenda kuliko zote, maana inamfaa hata asiyeweza kutoka: mwenye mgonjwa ndani, mwenye goti bovu. Kikundi kinampa majina matano ya wanachama wanaokaa peke yao au ambao wameacha kuonekana. Siku moja ya wiki, tuseme Jumatano, kati ya saa nne na saa sita mchana, anawapigia wote. Dakika kumi kila mmoja.

Swali la kwanza ndilo linaloamua. Ukimuuliza mtu "habari?" atakujibu "nzuri" hata akiwa amelala sakafuni, salamu zetu zimejengwa hivyo. Salimu kwa heshima zote, kisha uliza kitu chenye umbo: jana jioni alifanya nini, tangu juzi nani amefika kwake, usiku alilalaje, dawa zake zimebaki za siku ngapi. Sikiliza kilichobadilika. Anayerudia habari ileile mara tatu, anayekosea siku, aliyedondoka "kidogo tu," aliyeacha kupika: haya huandikwa.

Daftari la mstari mmoja kwa kila simu linatosha: tarehe, jina, alichosema, ulichoahidi, lini utafuatilia. Safu ya ahadi ni muhimu kuliko zote. Ahadi ndogo iliyosahauliwa, ya kumtafutia namba ya fundi kwa mfano, inamuumiza mtu mpweke kuliko kutopigiwa kabisa.

Asipopokea, piga tena siku hiyohiyo kwa saa nyingine. Bado hapokei? Kesho yake asubuhi mpigie jirani au ndugu ambaye yeye mwenyewe alikupa jina lake mlipoanza, kwa ridhaa yake. Ikishindikana, nenda na mtu wa pili, usiende peke yako. Utaratibu huu muuandike kabla haujahitajika, kwa sababu siku yenyewe kila mtu atakuwa na hofu.

Mambo matatu huharibu mzunguko wa simu. Mpigaji anageuka daktari, anapendekeza vidonge. Mpigaji anaanza kukopesha. Na mpigaji anakuwa mtu pekee aliyebaki kwa mpigiwa, hadi anaamshwa usiku wa manane. Dawa ya hayo ni mipaka iliyotamkwa siku ya kwanza, pamoja na kubadilishana majina kila miezi sita ili kila mpigiwa awe na sauti mbili anazozijua. Siri za watu zibaki siri, isipokuwa pale mtu yumo hatarini, na hilo nalo aambiwe mapema.

Anayedhani kazi ya aina hii ni ya wasomi tu, atazame Zimbabwe. Mwaka 2006 daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14 waliofundishwa kukaa na watu wenye msongo kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kutatua tatizo moja baada ya jingine, hatua kwa hatua. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa baada ya miezi sita waliohudumiwa kwa njia hiyo na walei, yaani watu wasio wataalamu, walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Bibi wale hawakuachiwa wema wao tu wapambane nao. Walipewa mafunzo, utaratibu na msimamizi, na bila hivyo vitatu kazi kama hiyo humla anayeifanya.

Kundi la WhatsApp la kikundi ni kazi nyingine ya nyumbani, ingawa siipendekezi kwa mwenye hasira za karibu. Tenga makundi mawili: moja la matangazo ambamo wasimamizi pekee huandika, jingine la soga. Ujumbe wenye alama kwamba umesambazwa mara nyingi usipite bila kuhakikiwa, na ombi lolote la fedha, hata likitoka kwa namba ya mwenyekiti, lithibitishwe kwa kupiga simu na kusikia sauti. Namba huibwa.

Vijana

Malalamiko ya wazee ni kwamba vijana hawasikilizi. Ya vijana ni kwamba mzee akipewa dakika tano anatumia ishirini, kumi na tano za enzi zake. Wote wana haki, lakini mwenye kurekebisha kwanza ni mzee, kwa kuwa ndiye anayetaka kuendelea kuwapo.

Kijana akileta wazo ambalo lilijaribiwa zamani likashindwa, usiseme lilishindwa. Uliza litagharimu nini, nani atalifanya, na likikwama wiki ya pili watafanyaje. Kikwazo mnachokijua nyinyi wa zamani kitajitokeza chenyewe kwenye majibu, au itaonekana hakipo tena. Ukimfundisha kazi ya mikono au ya daftari, fanya mara moja ukieleza, fanya mara ya pili yeye akieleza, mara ya tatu afanye yeye huku mikono yako iko mfukoni. Hapo pa mfukoni ndipo wengi tunaposhindwa; tunampokonya kalamu kwa kuwa anaandika polepole.

Kukataa, na kuondoka

Ukifanya kazi moja vizuri utaletewa ya pili kabla ya mwezi wa tatu. Usiipokee hadi ya kwanza itimize miezi sita. Jibu la "nitafikiria" ni ndiyo inayochelewa, na wenzako wanalijua hilo. Sema: "Hilo siliwezi mwaka huu. Naweza kumfundisha atakayelichukua, Jumamosi mbili." Mwenye mzazi mgonjwa nyumbani asijieleze zaidi ya hapo. Dalili za kuelemewa ni za kawaida: unachukia simu ya kikundi ikilia, unachelewa mahali ulipokuwa wa kwanza kufika, unasahau vipimo vyako vya kliniki ukihangaikia vya wengine. Ukiona mbili kati ya hizo, punguza saa, usikate ghafla.

Kila kazi iwe na muhula. Miaka miwili, kuongezwa mara moja, kunatosha nafasi nyingi. Miezi sita ya mwisho uwe na msaidizi anayejulikana kwa wote. Faili la makabidhiano lisizidi kurasa tatu, la sivyo halisomwi: mambo ya kufanywa kila wiki, kila mwezi na kila mwaka pamoja na tarehe zake, funguo zote na ziliko, namba ya simu ya kikundi, barua pepe na nani anabadilisha nywila siku hiyohiyo, mikataba na tarehe zinapoisha, madeni ya pande zote, orodha ya vitu vya stoo iliyohesabiwa na wawili, na ukurasa wa mwisho, mambo ambayo hayakuandikwa popote, kama vile kwamba mlango wa nyuma hufungwa kwa kuuinua kidogo na kwamba mwenye ukumbi anataka kukumbushwa siku tatu kabla.

Saini zote za benki zibadilishwe kabla ya sherehe ya kuagana, si baada yake. Kisha vikao viwili vya kwanza usihudhurie. Ukiwepo, macho yote yatakugeukia wewe kila swali likiulizwa, na mrithi wako hatapata nafasi ya kujibu. Akikupigia simu, mjibu alichouliza tu. Kikao cha tatu nenda, ukiwa umeshaomba kazi nyingine iliyo tofauti kabisa na ile uliyoiacha.